Nani Huivisha Kompyuta? Historia Fupi ya Sura ya Eneokazi na Nafasi ya Kiswahili Uganda

Kurasa hizi zimezoea kujadili upatanisho wa kisarufi, uhakiki wa ushairi na mbinu za kufundishia lugha ya pili. Katika makala haya tunakusudia kutazama jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halituhusu sisi walimu wa lugha, yaani sura ya kompyuta. Tunamaanisha picha inayotanda nyuma ya kila kitu mashine inapowashwa, rangi za madirisha, umbo la vitufe, michoro midogo ya kabrasha na tupio, na hata mlio unaosikika mtu anapoingia. Wengi wetu huyapokea mambo hayo kama tunavyoipokea mvua. Hata hivyo, kila kimoja kiliamuliwa na mtu fulani, mahali fulani, kwa sababu fulani. Na kwa kuwa mtu huyo ana lugha, lugha nayo imo humo.

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe hatuna budi kusafisha istilahi. Hatutarudia hapa mjadala wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Wanafunzi wetu wanasema kompyuta, nasi tunasema hivyo hivyo. Uwanja ule wa kazi unaoonekana kwenye skrini pasipo dirisha lolote kufunguliwa tutauita eneokazi, neno ambalo limekwisha kuzoeleka katika programu zilizotafsiriwa. Tatizo liko kwenye neno la tatu. Mkusanyiko mzima wa picha, rangi, alama na sauti unaoipa kompyuta sura moja, kwa Kiingereza huitwa kwa neno lile lile ambalo katika somo la fasihi tumelitafsiri kuwa "dhamira". Tulipowapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi la kutafsiri menyu, watatu waliandika "dhamira ya eneokazi", na mmoja akauliza kwa dhati kama kompyuta nayo ina ujumbe kwa jamii. Swali hilo si la kipuuzi kama linavyosikika, nasi tutalirudia.

Watafsiri wa programu wamechagua neno "mandhari". Ni neno zuri, lenye asili ya Kiarabu, nalo humaanisha kile kinachoonekana mbele ya macho. Lakini linabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Katika simu nyingi za leo, picha ya nyuma ya skrini huitwa mandhari, na mkusanyiko mzima wa rangi nao huitwa mandhari. Juu ya hayo, simu hizo hizo zinasema "mandhari meusi", ilhali sisi darasani tunafundisha "mandhari nzuri", katika ngeli ya I-/ZI-. Mwanafunzi anayefungua simu yake mara mia kwa siku atamwamini nani, simu au mwalimu? Katika makala haya mandhari itakuwa ile picha peke yake. Mkusanyiko mzima tutauita "vazi", kwa sababu vazi huvaliwa na huvuliwa, hushonwa na fundi, na aliyevaa hubaki kuwa yule yule. Msomaji asiyelipenda neno hili anakaribishwa kuleta la kwake.

Sasa tuingie katika historia. Kompyuta za kwanza hazikuwa na vazi lolote, zilikuwa na maandishi tu. Wazo la kuifanya skrini ifanane na meza ya ofisini lilikomaa katika maabara za Xerox huko Palo Alto, California, ambako mashine iliyoitwa Alto ilianza kutumika mwaka 1973. Mwaka 1981 Xerox walitoa mashine ya kuuza, Star, yenye michoro ya kabrasha na trei za kuwekea barua. Tuone jambo hapa. Meza iliyoigwa haikuwa meza ya mchuuzi wa Owino wala jamvi la mwalimu wa madrasa. Ilikuwa meza ya karani wa Marekani, pamoja na makabrasha yake ya karatasi ngumu. Tangu siku hiyo, kila anayefungua kompyuta popote duniani huketi kwenye meza ya karani huyo.

Macintosh ya kampuni ya Apple ilitoka Januari 1984, na ndani yake mlikuwa na kitu kidogo kinachotufurahisha sana. Mtumiaji aliweza kubadilisha nakshi ya eneokazi. Alipewa mraba wenye vidoto vinane kwa vinane, akavigusa kimoja kimoja kuvifanya vyeusi au vyeupe, na mraba huo ukajirudia mpaka ukajaza skrini nzima. Michoro mingi ya mashine ile ilikuwa kazi ya mchoraji mwanamke, Susan Kare. Yeyote aliyewahi kumtazama mama akisuka mkeka ataelewa mara moja hesabu iliyotumika pale. Ukili mmoja mweusi, mmoja mweupe, nakshi ndogo inarudiwa hadi mkeka unakamilika. Katika Kiganda mkeka ni omukeka, kwa hiyo hapa Kampala hatuhitaji hata kutafsiri. Vazi la kwanza la eneokazi ambalo mtu wa kawaida aliweza kujishonea mwenyewe lilikuwa mkeka wa vidoto 64.

Miaka ya 1990 ilileta rangi. Windows 3.1, iliyotoka mwaka 1992, ilimruhusu mtumiaji kuchagua rangi za kila sehemu ya dirisha, na watengenezaji wakaweka michanganyo iliyo tayari. Mmoja wao, wenye wekundu na njano kali, uliitwa kwa jina la kibanda cha kuuzia soseji, na mpaka leo hutajwa kwa kicheko na wale waliokuwapo. Mwaka 1995 ikaja Windows 95, na pamoja nayo diski ya ziada iliyouzwa peke yake, yenye mavazi kamili. Ukichagua vazi moja, picha, michoro, kishale cha kipanya na milio yote ilibadilika kwa pamoja. Ndani ya Windows 98 mavazi hayo yalitolewa bila malipo ya ziada. Orodha yake inatufundisha mengi. Lilikuwapo vazi la mchezo wa besiboli, la Marekani ya miaka ya 1960, la Leonardo da Vinci, la safari, la chini ya bahari, na la msituni. Mwafrika aliyejitafuta katika orodha ile, pa karibu zaidi pa kujiona palikuwa ni pale msituni. Hatudhani kwamba kulikuwa na nia mbaya. Fundi hushona kwa vipimo vya mteja anayemjua.

Hapa Kampala wengi walikutana na eneokazi kupitia Windows XP, iliyotolewa Oktoba 2001. Katika vibanda vya intaneti vya Wandegeya na Kampala Road, kila skrini ilikuwa na kilima kile kile cha kijani chini ya anga la buluu. Si mchoro, ni picha halisi. Ilipigwa na Charles O'Rear mwaka 1996 katika wilaya ya Sonoma, California. Tumewahi kuwasikia wanafunzi wakibishana kama kilima hicho kiko Kabale au Mbarara, na ubishi huo una mantiki yake, maana vilima vya kijani si vigeni kwetu. Lakini mavazi ya XP yalikuwa na kufuli. Mtumiaji alipewa rangi tatu, yaani buluu, kijani cha zeituni na fedha. Mashine ilikataa vazi lolote ambalo halikuwa na sahihi ya Microsoft. Waliotaka kujishonea walilazimika kuchezea faili la ndani la mfumo au kununua programu za kampuni nyingine. Kwa mwenye kibanda, ambaye intaneti ya setilaiti ilimgharimu fedha nyingi (nyaya za baharini zilifika Afrika Mashariki mwaka 2009 tu), kupakua vazi kwa ajili ya urembo lilikuwa jambo lisilofikirika. Kilima kikabaki.

Hata hivyo, tusiseme kwamba watu wetu hawana desturi ya kuvisha vyombo vya kazi. Tazama teksi za Kampala. Sheria inazitaka ziwe nyeupe na mshipi wa vidoto vya buluu, zote sawasawa. Lakini kioo cha nyuma ni cha mwenye gari, na hapo utakuta aya ya dini, jina la timu ya Uingereza, onyo kwa mahasidi au shukrani kwa mama. Nairobi matatu zimekwenda mbali zaidi, zikawa nyumba za sanaa zenye magurudumu. Pwani, kanga ina sehemu zake tatu: pindo linaloizunguka pande zote, mji ulioko katikati, na jina, yaani ule msemo ulioandikwa chini. Anayeielewa kanga amekwisha kulielewa eneokazi. Pindo ni ule upau wa pembeni, mji ni mandhari, na jina ni maneno yenyewe. Tofauti ni moja tu. Katika kanga jina ni la Kiswahili, na ndilo linalotazamwa kwanza na mnunuzi.

Upande mwingine wa dunia ya kompyuta, mambo yalikwenda kwa njia ya uwazi. Mfumo wa Linux ulipata maeneokazi mawili makubwa, KDE, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 1998, na GNOME, iliyofuata mwaka 1999. Humo vazi halikuwa na kufuli. Lilikuwa kabrasha la kawaida lenye michoro na mafaili ya maandishi, na faili la maandishi mtu yeyote anaweza kulifungua, kulisoma na kulirekebisha. Rangi huandikwa kwa tarakimu, michoro hupewa majina, na kabrasha likishawekwa mahali pake vazi linatokea katika orodha. Na hapa ndipo mwalimu wa lugha anapopata kiti. Ndani ya faili linalolitambulisha vazi, kuna mstari wa jina. Chini ya mstari huo unaruhusiwa kuongeza mstari mwingine wenye jina lile lile kwa lugha nyingine, ukiandika alama ya lugha katika mabano ya mraba. Alama ya Kiswahili ni herufi mbili, sw. Mtumiaji aliyechagua Kiswahili ataliona jina la Kiswahili, na mwingine ataliona la kwake. Hakuna anayeombwa ruhusa.

Oktoba 2004 ikatoka Ubuntu, mfumo wa Linux ulioasisiwa na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa tayari amekwenda anga za juu mwaka 2002. Jina lenyewe ni somo zima la isimu linganishi. Ubuntu ya Kizulu, obuntu ya Kiganda na utu ya Kiswahili ni neno moja lililopita njia tofauti. Kiambishi cha zamani bu- kimebaki wazi kwa Waganda na Wazulu, na kwetu katika Kiswahili kimelika mpaka ikabaki u- peke yake. Wanafunzi wa Uganda huliona hilo upesi kuliko wenzao wa pwani, na ni vyema tulitumie darasani.

Vazi la Ubuntu ya kwanza lilikuwa la rangi ya hudhurungi, na mashine ilipofika mahali pa kuingia ilipiga mlio wa ngoma. Wakosoaji wa Ulaya na Marekani waliichukia rangi ile. Waliiona chafu, rangi ya tope. Sisi tuliiona kwa jicho lingine. Ilikuwa ni rangi ya lubugo, lile gome la mti wa mutuba linalopondwa kwa nyundo za mbao mpaka likawa nguo, ambalo Waganda hulivaa katika shughuli za heshima na kuwazikia wafu wao, na ambalo UNESCO ililitangaza kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa binadamu mwaka 2005. Hatusemi kwamba wabunifu wa Ubuntu walikuwa wakiifikiria Buganda. Tunasema tu kwamba rangi haina maana moja, na kwamba aliyezoea kuiona buluu kuwa ndiyo rangi ya kawaida ya mashine amefundishwa hivyo. Diski za Ubuntu zilitumwa bure kwa posta kati ya mwaka 2005 na 2011, na kwa taasisi zenye intaneti dhaifu huo ulikuwa msaada mkubwa. Kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda kule Nkozi, kwenye barabara ya Masaka, kilikuwa kimekwisha kuanza kuhamia programu huria. Mwezi Aprili 2010 Ubuntu iliacha hudhurungi ikachukua zambarau na rangi ya machungwa. Kwa lugha ya sokoni, ilitoka kwenye lubugo ikaingia kwenye bilinganya.

Wakati huo huo maneno nayo yalikuwa yakishughulikiwa. Mwaka 2004, mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na Waswidi ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Microsoft nayo ikafuata kwa kutafsiri Windows na Office. Kazi hizo ndizo zilizotuzoesha maneno kama kabrasha, kipanya na mwambaa. Kampala nako, katikati ya muongo ule, watu wa kujitolea waliitafsiri programu ya Firefox kwa Kiganda, na baadaye ikapatikana kwa Kiacholi pia. Hilo lilikuwa jambo la kujivunia, na tunalitaja hapa kwa sababu walimu wa Kiswahili wakati mwingine tunaandika kana kwamba lugha za wenyeji ni washindani wetu.

Lakini katika orodha za lugha za Linux kulikuwa na jambo ambalo halijatutoka moyoni. Kila lugha huandikwa pamoja na nchi yake, ili mashine ijue sarafu na namna ya kuandika tarehe. Kwa miaka mingi orodha hiyo ilikuwa na Kiswahili cha Tanzania na Kiswahili cha Kenya. Uganda ilikuwamo, kwa Kiganda. Kiswahili cha Uganda hakikuwamo. Mganda, Mgisu au Mlugbara aliyetaka eneokazi la Kiswahili alipaswa kujifanya Mtanzania au Mkenya kwanza, na bei za bidhaa zake zikaandikwa kwa shilingi za wenyewe. Hakuna aliyetuonea. Orodha hizo hujazwa na wanaojitokeza kuzijaza, na kutoka Uganda hakuna aliyejitokeza.

Kwa nini? Jibu linahitaji kurudi nyuma. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, chini ya Idi Amin, na tangazo hilo likafungamana na utawala wenyewe. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022, miezi michache baada ya UNESCO kuitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa karatasi tumefika mbali. Kwa macho ya wazee wengi, hasa katika Buganda, Kiswahili bado kimevaa sare ya askari na kimesimama kwenye kizuizi cha barabarani. Hilo nalo ni vazi, na si sisi tulioishona sare ile. Swali la yule mwanafunzi kuhusu ujumbe wa kompyuta kwa jamii limejibika hapo.

Mihula michache iliyopita tuliamua kulifanya jambo hili kuwa zoezi la darasani. Chumba chetu cha kompyuta kina mashine kuukuu zinazoendeshwa kwa Linux nyepesi, zenye eneokazi la Xfce ambalo bado linapokea mavazi ya kushonwa nyumbani. Wanafunzi waligawanyika katika makundi matatu, na kila kundi likatakiwa kubuni vazi la Kiswahili kwa ajili ya chumba hicho: mandhari, rangi nne, michoro sita na jina.

Rangi ndizo zilizoanza kuleta kazi. Kiswahili kina vivumishi halisi vya rangi vitatu tu, -eusi, -eupe na -ekundu. Nyingine zote huazimwa kutoka kwenye vitu: kijivu kutokana na jivu, kijani kutokana na jani, kahawia kutokana na kahawa. Kompyuta inadai tarakimu kamili, haikubali "kama majani hivi". Kundi moja likaamua kuzipa rangi zake majina ya Kiswahili kwanza na kutafuta tarakimu baadaye. Wakaleta maji ya kunde, ugoro, damu ya mzee, ndizi mbivu. Ubishi kuhusu damu ya mzee ulichukua karibu kipindi kizima, maana kila mmoja alikuwa na mzee wake. Hatukumbuki somo la msamiati lililowahi kuchangamka namna ile.

Ubishi mkubwa, hata hivyo, ulikuwa wa picha. Kundi la kwanza lilileta jahazi, minazi na milango ya Zanzibar yenye nakshi. Ilikuwa kazi nadhifu. Kundi la pili likasema hapana, wengi wa waliomo chumbani hawajawahi kuiona bahari, kwa nini kila kitabu cha Kiswahili na kila bango lazima liwe na mnazi? Wao walileta foleni ya teksi za Wandegeya, boda boda na kioo cha nyuma chenye maneno. Kundi la tatu lilichukua picha ya lubugo, likatandaza nyuzi zake skrini nzima bila kitu kingine. Mwanafunzi mmoja kutoka kaskazini akasema kwa utulivu kwamba la kwanza ni la Waswahili, la tatu ni la Waganda, na la pili ni la Kampala, naye kwao si popote kati ya hapo. Bibi yake anajua Kiswahili kizuri, akasema, alichojifunza kwa kuuza vitu kwa madereva wa malori waliokwenda Sudan. Akaomba kundi lake liongeze mchoro wa lori.

Tunalisimulia hili kwa sababu ndilo suala lenyewe. Tukimfundisha mwanafunzi wa Uganda kwamba Kiswahili sanifu kinatoka Zanzibar, tunamfundisha ukweli wa historia. Tukimwonyesha kila siku kwamba picha ya Kiswahili ni minazi, tunamfundisha kwamba yeye ni mgeni katika lugha anayosomea shahada. Mambo hayo mawili ni tofauti, na la pili hakuna sarufi inayolidai. Sisi tunaona kundi la pili lilikuwa karibu zaidi na shabaha, ingawa kwa uzuri wa macho kundi la kwanza liliwashinda wote.

Kuna ushahidi mwingine ambao wanafunzi wenyewe waliuleta. Walipokuwa wakitafsiri majina ya michoro, Waganda waligundua kwamba karibu nusu ya vitu vya eneokazi wanavyo tayari kwa lugha yao, na vimetoka katika Kiswahili: dirisha ni eddirisa, meza ni emmeeza, sanduku ni essanduuko, kitabu ni ekitabo. Maneno hayo hayakuja na askari. Yalikuja na misafara ya biashara na vitabu vya dini katika karne ya 19, na yameshonwa ndani ya Kiganda kiasi kwamba hakuna anayeyaona kuwa mageni.

Saa nayo ilileta jambo la kuchekesha lenye faida. Kwa Kiswahili na kwa Kiganda saa huhesabiwa kuanzia macheo. Saa moja ni ssaawa emu, na kwa mashine zote ni saba kamili. Wanafunzi walitaka saa ya eneokazi isome Kiswahili. Mmoja aliyekuwa na kichwa cha hesabu akagundua kwamba tofauti ni saa sita, na kwamba ukiiongezea kompyuta saa ya pili na kuiambia iko Buenos Aires, Argentina, itasoma Kiswahili sanifu mchana na usiku. Tulijaribu, ikawa kweli. Dosari yake ni kwamba tarehe ya saa hiyo hubadilika saa kumi na mbili asubuhi, na tulikaa tukajadili kama hiyo ni dosari kweli. Kwa desturi ya Waswahili siku huanza jua linapokuchwa. Usiku wa manane haukuwahi kuwa mwanzo wa kitu chochote.

Ni lazima tuseme kwamba mlango uliokuwa wazi umeanza kurudishwa. Mwaka 2019 baadhi ya waundaji wa programu za GNOME waliandika barua ya wazi wakiomba mifumo isizivishe programu zao mavazi ya nje, kwa hoja kwamba vazi lisilojaribiwa huharibu programu, maandishi yakawa hayasomeki na vitufe vikapotea. Hoja hiyo ina uzito. Tuliona wenyewe vazi la ndizi mbivu likiyafanya maandishi yasionekane kabisa. Matoleo ya baadaye ya GNOME yamekaza zaidi, na lile la Septemba 2024 likampa mtumiaji uhuru wa kuchagua rangi moja ya mkazo kutoka orodha fupi. Simu, ambazo ndizo kompyuta za wanafunzi wetu wengi, humpa mtu picha ya nyuma, weusi au weupe, na si mengi zaidi. Tumerudi karibu na rangi tatu za mwaka 2001, kwa adabu zaidi.

Lakini mstari wa lugha haujafungwa. Orodha za lugha na nchi bado hujazwa na wanaojitokeza. Katika hifadhi ya kimataifa ya data za lugha inayotumiwa na simu na kompyuta nyingi, Kiswahili cha Uganda sasa kina mahali pake pamoja na shilingi yetu. Mashine zetu za Linux bado zinajitambulisha kuwa za Kenya. Wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu wameanza kuandaa faili linalokosekana, na wamekwama kwenye majina ya siku na miezi yaliyofupishwa kwa herufi tatu, kwani Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano hazifupishiki hivyo bila kugombana. Mwenye pendekezo alilete idarani. Vazi la boda boda limewekwa katika mashine zote kumi na mbili, pamoja na lori. Jina lake katika mstari wa sw bado halijaandikwa, kwa sababu kundi moja linataka "Stendi" na lingine linataka "Paki", neno ambalo kila mtu wa Kampala analielewa na ambalo hatujalikuta katika kamusi yoyote tuliyonayo kwa maana hiyo.